Radiohead hawajawahi kukaa sehemu moja

Jamani nyie mnaosema bendi ya Radiohead waliharibika baada ya albamu yao ya OK Computer, mi na nyie hatutaelewana. Leo nimeziskiza albamu zao kwa mpangilio kuanzia Pablo Honey ya 1993 na hawa jamaa wa Uingereza kwa kweli hawapendi kurudia kitu. Creep ndo iliwapa jina, wangeweza kula kwa huo wimbo mmoja maisha yao yote, wao wakaja na The Bends imejaa magita, afu 1997 OK Computer dunia ikawapigia makofi, na hapo ndo bendi nyingi zingetoa tena ileile zipige hela. Wao 2000 wakaleta Kid A! Magita yamefichwa huko, sintesaiza (vinanda vya umeme) kibao, sauti ya mwimbaji wao Thom Yorke imechezewa mpaka maneno huyashiki, na singo (wimbo unaotolewa peke yake) hata moja hawakutoa. Kiburi hicho nakipenda sana. Sikia wimbo wa The National Anthem humo, besi inazunguka palepale mwanzo mwisho halafu matarumbeta yanaingia utadhani watu wanagombea daladala.

Albamu ya The King of Limbs siitetei sana lol. In Rainbows ya 2007 ndo yangu, magita yamerudi ila yametulia.

Ila kilichonimaliza leo ni True Love Waits, wimbo walioupiga jukwaani tangu 1995 na gita, studio wakautoa 2016, gita hakuna, piano tupu, na Yorke anauimba kama mtu aliyekwisha kuachwa. Nimeirudia mara kibao, bado naiskiza saa hizi.