Shungi na vishindo vya usiku

Saa nane usiku nilisikia kishindo kama mtu ameangusha sinia la vikombe. Nikaruka kutoka kitandani, nikakamata tochi, nikakimbilia sebuleni. Kitambaa nilichofunikia tundu kilikuwa kinatikisika chote, na ndani mabawa yanapiga vyuma bila kupumzika. Nikakivuta kitambaa, nikammulika ndege usoni nione kuna nini. Hapo ndipo alipozidi. Alijirusha juu akagonga paa la tundu, akaanguka kwenye trei, akapanda tena, akagonga tena. Ukutani nikaona matone ya damu.

Ndege mwenyewe ni kokateli, kasuku mdogo mwenye kishungi kichwani na doa la rangi ya chungwa kila shavu. Asili yake ni nyanda kavu za Australia. Kwa kile kishungi nikampa jina la Shungi. Alikuwa na wiki tatu kwangu, nami nilishaanza kujiona mfugaji hodari: tundu jipya la kumeta, mbegu tele, vinyago vitano vya kuchezea, kitambaa kizito cha kumfanya alale usingizi mzito. Karibu kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa sehemu ya tatizo, ila ilinichukua miezi miwili kukiri.

Nianze na ile damu, maana ndiyo iliyonitia kiwewe. Shungi ana gramu 90 hivi. Ndege wa uzito huo ana damu ya kama mililita 9 mwili mzima, haifiki hata vijiko viwili vya chai. Kwa hiyo matone ambayo kwetu sisi ni mkwaruzo tu, kwake ni jambo la kushughulikia papo hapo. Nilizima tochi, nikawasha taa ya chumba, nikakaa chini karibu na tundu nikimsemesha kwa sauti ya chini mpaka akaacha kurukaruka. Kumwingizia mkono wakati bado anatapatapa kungemfanya aamini kwamba yule adui amefika kweli. Alipotulia nikamfunika kwa taulo dogo, nikamtoa. Unyoya mmoja wa bawa ulikuwa umevunjika katikati na unavuja. Unyoya unaoota huwa na damu ndani ya bua lake. Ukishakomaa damu huondoka na bua linabaki kavu na jeupe. Huo ulikuwa bado mchanga. Nilipaka wanga wa mahindi, ule unga mweupe mwororo kama poda, nikabana taratibu kwa kitambaa safi. Baada ya dakika chache damu ikaacha.

Asubuhi daktari wa mifugo alimkagua, akaridhika na bawa, kisha akaniambia nimwonyeshe nilivyomshika usiku ule. Nikamwonyesha. Akakunja uso. "Hivyo unamziba pumzi," alisema. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Anavuta hewa kwa kuinua na kushusha kidari. Ukikibana kifua chake, hata pua na mdomo vikiwa wazi, hewa haiingii. Alinifundisha kukishika kichwa kwa vidole viwili chini ya taya, mwili ukiegemea kiganja tu ndani ya taulo, kifua kikiwa huru. Nilijisikia vibaya siku nzima. Nilikuwa nusura nimuue nikimwokoa.

Kuhusu chanzo, daktari alisema jambo hili ni la kawaida kwa kokateli: wanashtuka gizani, na kwa kuwa hawaoni waendako, wanaruka ovyo ndani ya tundu. Kilichowashtua nitafute mwenyewe, kwa sababu anayelala nyumba moja na ndege ni mimi.

Nikachukua daftari. Kila akishtuka niliandika saa, nilichosikia, na kilichobadilika siku hiyo. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kelele, kwa hiyo nikawa natembea kwa kunyata na kufunga milango kama mwizi. Haikusaidia. Dhana ya pili ilikuwa mwanga, nikaongeza kitambaa cha pili juu ya kile cha kwanza, nikaziba kila upenyo. Wiki hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote: mara tatu kwa usiku saba.

Jibu lilipatikana usiku nilipoamua kulala sebuleni sakafuni. Nilizima taa zote nikabaki macho. Kitu cha kwanza nilichosikia ni mtafuno mdogo chini ya tundu. Panya. Mbegu alizodondosha Shungi mchana kutwa zilikuwa karamu yake ya kila usiku, na alikuwa anapita kwenye trei, sentimita chache chini ya ndege aliyelala. Kitu cha pili kilikuja baadaye kidogo: gari lilipita barabarani, mwanga ukapenya kati ya mapazia, ukapiga kinyago kinachoning'inia, na kivuli chake kikatembea juu ya kitambaa kutoka kona hadi kona. Kwangu ni kivuli cha kengele. Jiweke wewe ndani ya kitambaa hicho: unasikia mnyama chini ya miguu yako, unaona kitu kikubwa kinapita juu, na huna hata upenyo mmoja wa kuhakikisha ni nini.

Tangu usiku huo mawazo yangu yaligeuka. Nilikuwa namtendea Shungi kama mtoto mchanga: mfunike, mnyamazishie, mzimie taa. Lakini huyu ni kiumbe anayeliwa. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote kwa pamoja, na maisha yake yote yanategemea kuona kabla ya kuonwa. Mimi na paka tuna macho yaliyotazama mbele. Nikimkodolea kwa mapenzi, yeye anaona mwindaji anayepima umbali. Siku hizi nasogea kwa ubavu, nafumba macho taratibu nikifika karibu, na sijitokezi ghafla kutoka juu.

Basi nikaanza kupanga upya. Tundu la kwanza lilikuwa la duara, zuri la kupiga picha, limening'inizwa kwenye ndoano katikati ya dirisha. Sasa naliona lilivyo: halina kona ya kujibanza, linayumba kila upepo ukivuma, jua la mchana linamwangukia bila kivuli, na kila mwewe anayepita angani anamwona naye anamwona. Nilitafuta tundu la pembe nne, refu zaidi kwa upana kuliko kwa kimo, kwani ndege haruki kwenda juu kama roketi, anaruka kwenda mbele. Kipimo changu ni kwamba aweze kukunjua mabawa yote mawili na kuyapiga bila kugusa kitu. Nikaliweka juu ya meza nzito, mgongo wake ukutani na ubavu mmoja kwenye kona, kwa kimo cha kifua changu. Bado anaona dirisha, ila kwa mbali na kwa pembeni.

Kabla ya kulinunua nilipima nafasi kati ya chuma na chuma. Kwa kokateli nataka sentimita moja na nusu hivi. Ikizidi sana, kichwa kinapenya kisha hakirudi. Niliangalia pia rangi na mipako: waya uliopakwa zinki ukianza kubanduka, kasuku anautafuna, na zinki ni sumu kwake, kama yalivyo madini ya risasi.

Halafu kuna vile vilango vidogo vya vyombo vya chakula, vinavyopanda na kushuka kama pazia la duka. Siku ya pili tu nilimkuta Shungi anakiinua kimoja kwa mdomo, amepitisha kichwa, kilango kimekaa shingoni. Hakuumia, alikuwa anatazama chumba kama bawabu. Lakini angerudi nyuma kwa kushtuka, sijui. Vilango vyote sasa vina klipu za chuma. Mtu asikwambie ndege mdogo hana akili ya kufungua mlango. Ana kutwa nzima ya kujaribu.

Vinyago navyo nilivipunguza vikabaki viwili, na hakuna kinachoning'inia karibu na kijiti anacholalia. Kile cha kamba nilikitupa baada ya kukuta uzi uliochanika umejizungusha kwenye ukucha wake. Kengele yenye mwanya nayo ikaenda, kwa sababu kidole kinaingia mwanyani na hakitoki. Vijiti vya kusimamia nilibadilisha. Vilivyokuja na tundu vilikuwa vya plastiki, vyote unene mmoja, na miguu ikishika unene huohuo kutwa kucha hupata vidonda. Niliweka matawi ya mti ambao haukuwahi kupuliziwa dawa, nimeyasugua na kuyakausha, mengine manene mengine membamba. La juu kabisa, karibu na ukuta, ndilo akalichagua kuwa kitanda chake bila kuambiwa.

Utaratibu wa jioni ni mfupi. Jua likizama naondoa trei, nafuta mbegu na kinyesi, nafagia chini ya meza. Panya alikuja siku mbili akakuta patupu, akahama. Kitambaa ni chepesi, kinafunika juu, nyuma na mbavu mbili. Mbele naacha wazi. Kuna taa ndogo hafifu chumbani, ya kumwezesha tu kukiona kijiti akishtuka. Mapazia nimeyabana kwa pini. Analala kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kila usiku, na nikimkatia usingizi kwa kukaa sebuleni na televisheni, kesho yake ananing'ata, na ni haki yake.

Ziko hatari ambazo hazina hadithi ndefu, nazitaja tu. Tundu halikai jikoni wala karibu na jiko: kikaango chenye mpako usionata kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke ambao binadamu huenda asiuhisi, na ndege akafa ndani ya dakika chache. Manukato ya kupulizia, dawa ya mbu na moshi wa sigara, chumba kingine. Parachichi na chokoleti hapewi hata aombe vipi. Paka wa jirani haruhusiwi kuingia, hata yule mpole, maana mkwaruzo wake mdogo tu unabeba vijidudu vya kumuua ndege, na kumtazama tu kunamnyima raha.

Kilichonishangaza zaidi ni kimya. Nilidhani kimya ni utulivu. Kumbe porini ndege wadogo hunyamaza mwewe anapokuwa karibu, na nyumba iliyonyamaza ghafla ilikuwa inampa Shungi wasiwasi kuliko redio. Sasa nikitoka mchana naacha redio ikizungumza kwa sauti ya chini. Na alipokuwa anapiga kelele kila nikitoka chumbani, kosa langu lilikuwa kumkimbilia. Alijifunza upesi: piga kelele, mtu anakuja. Nikabadilisha. Nikiwa chumba kingine, akipiga mluzi mfupi naujibu kwa mluzi mfupi. Akipiga kelele za kupasua masikio sijibu. Anachotaka kujua ni kama kundi lake bado lipo, na kundi lake ni mimi. Ilichukua wiki tano hivi, na zile mbili za mwanzo nusura nikimbie nyumba.

Kishungi ndicho kinachonipa taarifa. Kikisimama wima kabisa na mwili umekonda kama kidole, ameona kitu. Kikilazwa nyuma kabisa huku anatoa sauti kama ya nyoka, niondoe mkono. Kikiwa katikati, manyoya yamefura kidogo, mguu mmoja umefichwa tumboni, na anasaga mdomo wake kwa sauti ndogo ya mkwaruzo, basi anakaribia kulala. Ila akifura hivyo mchana kutwa na hali chakula, simwiti mtulivu, naenda kwa daktari. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie.

Tangu kupanga upya, daftari lina vishindo viwili tu kwa miezi saba. Kimoja kilikuwa cha radi, kingine kosa langu mwenyewe: nilisahau pini za pazia. Mara hizo zote nilifanya lilelile: taa ya chumba bila haraka, sauti ya chini, mikono nje ya tundu. Juzi usiku nilikuwa macho gari likapita na mwanga ukateleza kwenye dari. Kishungi kilinyanyuka. Shungi akatazama dari, akatazama taa yake ndogo, akanitazama kwa jicho moja, kishungi kikashuka. Kisha nikasikia ule mkwaruzo wa mdomo.

Kilichonishinda ni beseni la buluu. Silo jekundu, wala silo kubwa zaidi. Hilo la buluu tu. Akiliona anakuwa mwembamba kama penseli na kuanza kuita kundi. Nimeliweka mbali nikalisogeza kidogo kidogo kwa siku nyingi, nimemtuza suke la mtama kila alipolivumilia, na bado. Nimeacha kubishana naye. Siku ya kufua nalipitisha nyuma ya mgongo wangu, naye anajifanya hajaliona.