Maikrowevu Huchunguzwa Mlango Ukiwa Umefungwa

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alifika kwangu Umoja amekumbatia oveni kuukuu ya maikrowevu aliyoinunua kwa muuza vyombo chakavu, bisibisi ikiwa mfukoni. Alitaka kuifungua aone mawimbi yanakotoka. Nilipomzuia, alinijibu kwa upole, "Lakini mjomba, haijachomekwa popote. Si umeme haumo?"

Umo, na jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Ndani ya kasha hilo mna transfoma inayopandisha volti 240 za nyumbani hadi zaidi ya 2,000, na kando yake kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Chaji hiyo inaweza kuua. Tena baadhi ya magnetroni, yaani kifaa kinachozalisha mawimbi yenyewe, zina kauri ya oksidi ya berili, ambayo ikivunjika vumbi lake huwa sumu kwa mapafu. Nilimwahidi kwamba tungeyachunguza mawimbi siku hiyo hiyo, bila kulegeza skrubu hata moja.

Tulitumia oveni yangu ya jikoni, ambayo ni nzima. Tuliondoa sahani inayozunguka, tukakifunika kwa bakuli la kioo kile kitovu kinachoizungusha, tukalaza juu yake bamba pana la chokoleti, kisha tukawasha kwa sekunde 20. Chokoleti haikuyeyuka yote. Palitokea madoa machache laini, yenye kung'aa, ilhali kati ya madoa hayo ilibaki ngumu kama ilivyotoka dukani. Mawimbi yanapogonga kuta za chuma hurudi na kukutana na yanayokuja, na kutokana na kukutana huko hupatikana sehemu zenye nguvu nyingi na nyingine ambazo karibu hazina nguvu kabisa. Ndiyo sababu sahani huzungushwa. Umbali wa doa hadi doa jirani ni takriban nusu ya urefu wa wimbi. Rula yetu ilionyesha sentimita 6, basi wimbi zima ni sentimita 12, na kibandiko cha nyuma ya oveni kinasema masafa, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, ni megahetsi 2,450, au 2,450,000,000. Kasi ya wimbi ni urefu wake ukizidishwa kwa masafa, basi kijana akazidisha mita 0.12 kwa 2,450,000,000, akapata mita 294,000,000 kwa sekunde. Kasi halisi ya mwanga, ambayo ndiyo kasi ya mawimbi haya pia, ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Aliitazama rula ile ya shuleni kwa muda mrefu bila kusema neno, nami nikamwacha. Ni kweli kwamba madoa hayajipangi vizuri hivyo kila mara, hivyo inafaa kurudia jaribio na kutafuta wastani.

Wengi hudhani masafa hayo yalichaguliwa kwa sababu ndipo maji yanapoyanyonya mawimbi kuliko popote. Sivyo: maji huyanyonya zaidi kwenye masafa ya juu mno kuliko hayo, na kama chakula kingeyanyonya yote juu juu, ndani kingebaki baridi. Barafu, kwa upande wake, huyanyonya kidogo sana kwa kuwa molekuli zake zimeshikana na haziwezi kugeukageuka kama za maji. Hilo pia hupimika, kwa kipande cha barafu kikavu kilichotoka sasa hivi kwenye friza na kikombe cha maji kando yake. Kikombe kiwepo daima, kwa maana oveni tupu hurudishia mawimbi magnetroni na kuiharibu.

Wavu ulio mlangoni una vitundu vya takriban milimita moja. Mwanga hupita, wimbi la sentimita 12 halipiti. Kiwango cha kimataifa cha uvujaji ni miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, kikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye oveni. Jicho ndilo la kuhofiwa zaidi, kwa sababu lenzi yake haina mishipa ya damu ya kuondoa joto, na joto kali linaweza kuleta mtoto wa jicho.

Oveni aliyoinunua mpwa wangu ilikuwa na bawaba iliyopinda, na mlango wake uliacha upenyo ambao kucha ingeingia. Hata kama ingewaka, nisingekubali ichomekwe. Jumatatu tuliipeleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, ikiwa na skrubu zake zote.