Utukufu wa Kuchunguza

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu wiki hii ni Mithali 25:2: "Ni utukufu wa Mungu kuficha jambo, bali ni utukufu wa wafalme kuchunguza jambo." Wapo waumini wanaodhani kwamba alichokificha Mungu amekikataza. Andiko hili halisemi hivyo.

Mtazameni Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu, na Kilatini, lugha ya wasomi wa zama zake, hakukijua. Alijifundisha kusaga lenzi ndogo mno, na kwa hadubini ya lenzi moja tu akaweza kukuza kitu zaidi ya mara 200. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa akakuta yamejaa viumbe hai vikiogelea. Wasomi wa London walisita kumwamini, hadi mwanasayansi wao Robert Hooke alipolirudia jaribio mwenyewe mwaka 1677 akashuhudia kwamba ni kweli. Hooke huyo ndiye aliyekuwa ameonyesha, mwaka 1665, vyumba vidogo vitupu katika gome la mti, mabaki ya seli, yaani vyumba hai vidogo mno vinavyojenga mwili wa kila kiumbe, zilizokwisha kufa. Utukufu wa wafalme, na aliyejaliwa ni muuza vitambaa!

Baada yao kazi ilikwama kwa miaka mingi, maana lenzi zikiunganishwa zilitia ukungu na rangi zisizokuwepo. Mwaka 1830 Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo na Mkristo wa jamii ya Quaker, alieleza namna ya kuzipanga ili picha itulie. Miaka michache tu baadaye, wanasayansi wawili wa Ujerumani wakafuata: Schleiden (1838) akatangaza kuwa mimea yote imejengwa kwa seli, na Schwann (1839) akasema hivyo hivyo juu ya wanyama.

Lakini seli mpya hutoka wapi? Schleiden alidhani zinajiunda zenyewe kutoka kwenye majimaji. Robert Remak, Myahudi aliyenyimwa uprofesa kamili huko Prussia kwa sababu hakuiacha dini yake, alikaa kwenye hadubini akichunguza viinitete, yaani viumbe vikiwa bado vinaanza kuumbika, akaona seli moja ikigawanyika kuwa mbili. Mwaka 1855 daktari Mjerumani Rudolf Virchow akaeneza fundisho hilo: kila seli hutoka katika seli.

Hapa mimi huishia kumsifu Mungu. Kila seli iliyo mwilini mwako ilitokana na seli moja tumboni mwa mama yako, na hiyo ilitokana na seli za wazazi wako, nao na za wazazi wao, kizazi baada ya kizazi, bila uhai kukatika hata mara moja. Daudi aliimba, "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika" (Zaburi 139:16), naye hakuwa na lenzi yoyote.

Mwaka 1880, huko Constantine, Algeria, daktari Alphonse Laveran alikiona kimelea cha malaria ndani ya damu ya askari mgonjwa. Hadi leo, katika zahanati na hospitali zetu, wataalamu wa maabara huinamia hadubini wakitafuta kimelea hicho hicho, slaidi (kijioo chenye tone la damu) baada ya slaidi, na dawa atakayopewa mtoto inategemea walichokiona. Wiki hii tuwaombee kwa majina wale tunaowafahamu: Bwana awape macho mazima, subira, na uaminifu hata kwenye slaidi ya mwisho ya siku.