Lukovorini baada ya masaa 30: mshale mfupi ulivyonisaidia kliniki

Ushauri niliochoka kuusikia kuhusu saa ya kumeza lukovorini, kidonge kinachoulinda mwili dhidi ya sumu ya methotreksati (sindano ya kuua seli za ugonjwa), ni huu: "Mwambie mgonjwa aweke kengele kwenye simu." Simu ya nyumba anatembea nayo mume, mama aliyetoka kusafishwa mimba zabibu amebaki na kadi, na kadi imeandikwa "4:00".

Ugonjwa wenyewe ni seli za kondo zinazobaki na kuendelea kukua baada ya mimba zabibu. Ratiba yetu kwa ule wa hatari ndogo (alama 0 hadi 6 za kupimia hatari) ni ile ya siku 8 ya hospitali ya Charing Cross, London. Methotreksati miligramu 50 ya msuli siku ya 1, 3, 5 na 7. Lukovorini miligramu 15 ya kumeza masaa 30 baada ya kila sindano. Mzunguko unaanza upya siku ya 15. Vipo vituo vinavyotoa kidonge baada ya masaa 24. Shika cha kituo chako, usichanganye.

Sasa ile "4:00". Sindano ya saa nne asubuhi, kidonge chake ni kesho yake saa kumi jioni. Aliyeandika kadi alifuata saa za Kizungu. Mgonjwa anasoma saa nne, kama tunavyosoma wote. Akimeza saa nne asubuhi amewahi kwa masaa 6: methotreksati haijamaliza kazi, na lukovorini ishaanza kulinda hata seli za ugonjwa. Akimeza saa nne usiku amechelewa masaa 6, na vidonda vya mdomo havikawii. Uchokozi wa ratiba hii ni kwamba saa ya Kiswahili ya sindano na saa ya Kizungu ya kidonge ni namba ileile siku zote, kwa hiyo kila anayeikagua kadi anaona iko sawa! Nilijaribu 16:00, nikaulizwa saa kumi na sita ndiyo ipi.

Nikaachana na namba. Masaa 30 ni siku moja na masaa 6, na masaa 6 kwa mshale mfupi wa saa ni nusu ya duara. Nachora duara tupu, namchorea mshale mfupi ulipo sindano inapochomwa, kisha mshale mwekundu unaotazamana nao upande wa pili. "Dada, kesho jioni mshale mfupi ukifika hapa pekundu, meza." Asiyejua kusoma anaelewa, na mume wake pia. Saa ya ukutani ya plastiki wengi wanayo tayari.

Kidonge natoa kimoja kila baada ya sindano. Ukimkabidhi vinne kwa mpigo vitamezwa kutwa mara moja, kwa sababu ndivyo dawa zote nyingine zinavyomezwa. Aliyesahau asifidie kwa kumeza rundo. Arudi tumpangie, maana dozi ya kumeza ikizidi miligramu 25 kwa mara moja, utumbo unafyonza sehemu inayozidi kupungua. Akitapika baada ya kumeza, arudi apewe kwa sindano siku hiyohiyo. Boksi likija la levolukovorini, dozi ni nusu: miligramu 7.5.

Wengi wanakuja bado na vidonge vya damu vya kliniki ya wajawazito. Foliki asidi iliyomo haiokoi kitu hapa: ili ifanye kazi inahitaji kimeng'enya kilekile ambacho methotreksati imekifunga, wakati lukovorini imeshavuka hatua hiyo. Vidonge hivyo nasimamisha. Naulizia pia septrini, hasa kwa wanaotumia dawa za VVU, pamoja na diklofenaki na ibuprofeni. Hizo zinaweza kuichelewesha methotreksati kutoka mwilini au kuongeza sumu yake, na kidonge kimoja kikashindwa kuimudu. Maumivu ni paracetamol. Maji lita mbili au zaidi kwa siku. Picha ya damu na kreatinini ziwe mezani kabla ya kila mzunguko; figo zikiyumba, sindano inasubiri.

Ukianza Jumatatu, sindano ya mwisho inaangukia Jumapili. Ijumaa nakubaliana na wodi nani atachoma, na kidonge naacha kwenye bahasha yenye jina. Mshale anauchora aliyechoma, akishachoma: foleni ikiwa ndefu, sindano ya saa nne inachomwa saa sita.