Maua ya vitambaa: uzoefu wangu kutoka Ilomba, Mbeya

Nina cherehani mbili hapa Ilomba, jijini Mbeya. Kwa miaka mingi vipande vilivyobaki baada ya kukata nguo nilivijaza kwenye viroba nikawapa wanaoshona mito: satini za magauni ya harusi, pamba za sare za shule, shifoni, vitenge. Kisha mwezi Septemba mama akaja kukaa kwangu, macho yake yakiwa na ukungu wa mtoto wa jicho, akisubiri upasuaji. Mama si mtu wa kukaa bure. Alikuwa anaketi mlangoni kwenye jua, kiroba mapajani, anachambua vipande kwa kuvipapasa, vinavyoteleza huku, vikavu kule. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hivi vyeupe peke yake vingetosha shamba la pareto."

Mama amelima pareto Umalila tangu kabla hajaolewa, na ada yangu ya shule ilitoka humo. Kwa wasioijua, ni ua jeupe lenye moyo wa njano, linalopenda baridi ya milimani. Dawa ya kuua wadudu hutolewa kwenye kichwa cha ua, ndiyo maana vichwa huchumwa kimoja kimoja kwa vidole, vikaanikwa mpaka vikauke, ndipo viuzwe. Nikamwahidi kumtengenezea pareto ya kitambaa. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua miezi tisa, na pareto ndiyo iliyokuja mwisho.

Nilianza na waridi, kwa sababu ndilo maharusi wanaloulizia. Nikakata miduara ya satini nyeupe, nikaipanga na kuishona katikati. Sijamaliza ua la pili, la kwanza limeshachomoka nyuzi pembeni kote. Nilikuwa nimemwona dada mmoja sokoni Mwanjelwa akipitisha kingo za utepe kwenye mshumaa ili zisichomoke, nami nikawasha wangu. Satini ikajaa masizi. Nikachukua kipande kingine cheupe. Hicho kikashika moto kama gazeti, nikakitupa sakafuni na kukikanyaga. Vyote viwili vilitoka kwenye kiroba kimoja, na mimi kwa haraka zangu niliviona ni kitu kimoja. Mama angevitenganisha kwa kidole.

Sasa kabla ya kukata chochote nachana kamba nyembamba ya kitambaa, naishika kwa kibano juu ya sahani ya bati yenye maji, naiwasha. Pamba huwaka moja kwa moja, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, ukiyagusa yanapukutika. Poliesta huukimbia moto: inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Hariri halisi hunuka nywele zilizoungua, ila kwenye viroba vyangu sijawahi kuipata. Vingi tunavyouziwa kwa jina la hariri ni poliesta inayong'aa.

Haya ndiyo niliyotamani mtu angeniambia mapema, kwa sababu kila kitambaa kinataka njia yake. Poliesta ni jamii ya plastiki, kwa hiyo joto linaipa umbo na umbo hilo linabaki. Pamba haiyeyuki. Bila kitu cha kuikaza, petali yake italala tu kama leso. Ukichanganya hizo mbili kwenye ua moja bila kujua, nusu ya ua itasimama na nusu itaning'inia, nawe utabaki kulaumu mikono yako.

Kwa poliesta, mshumaa unafaa ukijua pa kupitisha. Ukingo wa petali upite pembeni mwa mwali, chini karibu na utambi penye rangi ya buluu. Ile ncha ya njano juu ndiyo yenye masizi. Sekunde moja inatosha. Fungua dirisha, maana moshi wake si wa kuvuta, na watoto wakae mbali.

Umbo ndilo lililonisumbua zaidi. Jirani yangu ana waridi jekundu uani kwake, na baridi yetu hii inalikubali sana. Nikamwomba ua moja, nikalichambua petali baada ya petali na kuzipanga juu ya gazeti kama zilivyotoka. Hakuna hata moja iliyokuwa bapa. Za ndani zilijikunja kama kiganja kinachokinga maji. Za nje zilikuwa pana, na kingo zake zimepinda kurudi nyuma. Muda wote nilikuwa nahangaika na mkasi, kumbe kazi kubwa inaanza mkasi ukishawekwa chini.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea na golori tatu za beringi, kubwa, ya kati na ndogo, nikamwomba achomelee kila moja kwenye kipande cha nondo. Mwisho wa nondo nikazungushia kitambaa kinene ili nishike. Huko Ufaransa na Japani mafundi wa maua wana vyuma maalumu vya namna hiyo, vyenye vichwa vya mviringo. Vyangu vimetoka kwenye magari mabovu na vinafanya kazi. Nazipasha golori kwenye jiko la mkaa, nazifuta majivu, najaribia kwenye kipande kisicho na kazi: kikibadilika rangi au kikinata, nasubiri ipoe. Petali naiweka juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Mwanzoni nilitumia sponji ya godoro nikaiyeyusha. Ukikandamiza golori katikati, petali inainuka yenyewe na kuwa kikombe. Ukiigeuza na kupitisha golori ndogo ukingoni, ukingo unarudi nyuma kama wa waridi la jirani. Siku ya kwanza nilipoona hilo likitokea niliita nyumba nzima.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: kata petali mshazari, kama unavyokata utepe wa kuzungushia shingo ya gauni. Kitambaa cha mshazari hunyumbulika, hupokea umbo, na nyuzi zake hazichomoki ovyo.

Tangu siku ya lile waridi sitengenezi ua ambalo sijalitazama likiwa hai. Februari nilipanda Kitulo kwa barabara ya Chimala, ile yenye kona 57. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Huruhusiwi kuchuma kitu, kwa hiyo nilikaa kwenye nyasi na daftari nikachora okidi mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Okidi ya shifoni bado haijanikubali, mdomo wake, ile petali moja isiyofanana na nyingine, unanishinda, lakini michoro ninayo.

Kwa pamba nilikuwa natumia wanga: kijiko kimoja cha unga wa muhogo kwenye vikombe viwili vya maji, unapika uji mwepesi, unachovya kitambaa kizima, unakianika, unakipiga pasi kikiwa na unyevu kidogo, ndipo unakata petali. Hukauka kama karatasi nzuri. Nilikipenda mno kitambaa hicho, na kwa kukipenda nikapokea kazi kubwa: waridi 60 za pamba kwa harusi ya Tukuyu, mwishoni mwa Aprili. Bibi harusi hakutaka kitu cha kung'aa.

Tulitoka Mbeya na jua. Tulipofika Kiwira ukungu ulikuwa umeshashuka barabarani, na Tukuyu tukapokewa na manyunyu. Maboksi yalifunikwa turubai, hayakupata hata tone moja. Tukapanga maua ukumbini, milango wazi, watu wakiingia na makoti yaliyolowa. Ibada ilipokwisha na watu kurudi ukumbini, petali za nje zilikuwa zimeinama zote. Shangazi wa bibi harusi alinivuta pembeni akasema kwa upole, "Mwanangu, maua yako yamelala." Nilirudisha nusu ya malipo na njiani kurudi sikuweza kuzungumza. Wanga hunywa unyevu wa hewani, na mimi nimekulia milimani; najua jinsi chumvi inavyolowa ndani ya kopo lililofungwa. Niliyajaribu maua yale kwenye kiangazi cha Mbeya, sikuyajaribu kwenye hewa ya mahali yanakokwenda.

Wiki iliyofuata niliacha wanga nikachukua gundi nyeupe ya maseremala, kipimo kimoja kwa vinne vya maji. Ikikauka huacha ngozi nyembamba inayozuia unyevu kuliko uji wa muhogo. Nikatengeneza maua mawili, la wanga na la gundi, nikayaning'iniza juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kisha nikayalaza nje chini ya upenu usiku wa ukungu. Asubuhi la wanga lilikuwa limesinyaa, la gundi limesimama. Angalieni mambo mawili: gundi ikizidi, pamba inang'aa na kuonekana ya plastiki, na golori ya moto hunata kwenye gundi, hivyo iwe vuguvugu tu, petali ikiwa bado na unyevu.

Shangazi yule alinipigia Juni kwa ajili ya harusi nyingine ya ukoo. Nikamwambia safari hii asilipe kitu mpaka aone maua ukumbini jioni. Yalikaa hadi keki ilipokatwa, na nililipwa yote.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi. Kitambaa napata bure, lakini waridi moja la petali 15 linakula karibu saa nzima, na mkaa, gundi na waya wa kufungia vinanunuliwa. Ukipiga hesabu ya kitambaa peke yake utafanya kazi ya bure. Hesabu saa zako.

Juni hiyohiyo, baridi imekaza, nikarudi kwenye ahadi. Nilichukua pareto hai niliyoletewa kutoka Umalila, nikahesabu petali 20. Nikakata utepe mrefu wa pamba ya sare, nikauchana kama shanuo, kila ncha nikaikata vijino vidogo, na kwa mgongo wa kisu nikachora mifereji miwili kwenye kila petali. Moyo nikaufanya kwa kitambaa cha njano kilichojazwa pamba. Nikampelekea mama. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji na alikuwa anaona vizuri, lakini hakuliangalia. Alipitisha kidole gumba katikati ya ua.

"Hili bado," akasema. "Moyo wake laini, halijafunguka. Ukilichuma leo halina uzito."

Akanieleza nililoliona utotoni bila kulijua: moyo wa pareto ni vijiua vingi vidogo vilivyobanana, hufunguka kuanzia pembeni kwenda katikati, na mchumaji husubiri safu za nje zifunguke. Nikarudi mezani. Nikachukua chenga za mahindi, nikazipaka rangi kwa manjano ya pilau, nikazikausha. Nikapaka gundi safu tatu za nje za moyo, nikamwagia chenga, katikati nikapaacha laini.

Safari ya pili alipitisha kidole akanyamaza. Kisha akakishika kichwa cha ua kwa chini, katikati ya vidole viwili, akakinyofoa kwenye waya, akakitia kwenye pindo la kitenge chake. Mkono ukarudi kwangu ukiwa wazi, akaniuliza jingine liko wapi.