Siku Treni Ilipoingia Ndani ya Meli

Wiki tatu zilizopita nilivuka Daraja la Kigongo–Busisi pamoja na mjukuu wangu wa miaka minane, tukielekea Sengerema kwa shangazi yake. Basi halikusimama wala kupunguza mwendo. Mtoto, aliyekuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, akaniuliza kama ni kweli kwamba zamani mabasi yalikuwa yakipanda kwenye pantoni ili kuvuka hapo. Nikamwambia ni kweli, na si zamani sana, kwa kuwa daraja limefunguliwa Juni 2025. Akayatazama maji kwa muda, kisha akauliza: "Na treni je, Bibi? Treni nayo inaweza kuingia kwenye meli?"

Mzee wangu, babu yake huyo mtoto, angekuwa hai, angelijibu swali hilo mpaka tushuke stendi. Alifanya kazi miaka mingi katika bandari ya Mwanza Kusini, ambako mabehewa ya mizigo husukumwa juu ya reli zilizotandikwa ndani ya MV Umoja na kuvushwa ziwani mpaka Kisumu au Port Bell. Nyumbani alituelezea kazi hiyo kama wengine wanavyosimulia mechi. Alisema huwezi kuijaza meli upande mmoja kwanza, kwa sababu italala. Ni lazima uzito ugawanywe kushoto na kulia, behewa kwa behewa. Alisema pia kwamba mahali pa kuogopa ni pale kwenye kiungo, ambapo reli ya nchi kavu inakutana na reli ya meli, kwa kuwa nchi kavu imetulia na meli haitulii. Katika miaka yote hiyo hakuvuka ziwa hata mara moja pamoja na mabehewa yake. Aliyahesabu, akayaona yakiondoka, akarudi nyumbani kula.

Nilimjibu mtoto kwamba treni inaweza, na kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwa ndani yake. Hakuniamini mara moja, na sikushangaa.

Ilikuwa Mei 2018, miaka miwili baada ya kumzika mzee wangu, nami nilikuwa na miaka 67. Binti yetu aliye Roma alikuwa amenikatia tiketi ya ndege ili nikapumzike kwake, lakini baada ya wiki mbili za kukaa ghorofani nikimsubiri atoke kazini, nilimwambia nataka kwenda kusini peke yangu. Nilifundisha jiografia miaka 31. Nilichora Vesuvio na Etna, milima ya volkano ya Italia, ubaoni kwa chaki mara nyingi kuliko nilivyochora milima ya nchi yetu, na sikuona sababu ya kurudi Mwanza bila kuiona kwa macho yangu. Binti alitaka kunikodishia gari na dereva. Nikakataa, kwa sababu ya gharama, na kwa sababu nilitaka kukaa kwenye viti ambavyo watu wa huko wenyewe hukalia.

Siku za mwanzo nazipita haraka. Nilipanga chumba Salerno, hatua chache kutoka kituo cha treni, na uamuzi huo mmoja uliniokoa na mengi, kwa kuwa mtu mzima asiye na gari anahitaji kituo cha karibu kuliko anavyohitaji dirisha lenye mandhari nzuri. Kutoka hapo nilifika Pompei, mji uliofukiwa na Vesuvio mwaka 79, na siku nyingine nikaenda Paestum, ambako mahekalu ya Wagiriki wa kale yamesimama umbali mfupi wa kutembea kwa miguu toka kituoni. Nilijifunza kugonga tiketi ya karatasi kwenye kile kijimashine cha kituoni kabla ya kupanda, na nilijifunza kwamba ukisimama na kumwuliza mama mmoja njia, mama wawili wengine watakuja kumsaidia kukujibu.

Kisha nikapanda treni ya masafa marefu inayotoka Roma kwenda Siracusa, katika kisiwa cha Sisilia. Ilishuka pwani ya Calabria saa nyingi, bahari ikiwa kuliani kwetu, karibu kiasi kwamba mahali pengine nilihisi mawimbi yako chini ya kiti changu. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa rika langu akirudi kwao Catania. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alisema "Torino", akaiga kwa mikono miwili mtu anayekaza nati, akaonyesha nywele zake nyeupe, nami nikaelewa kwamba ujana wake aliuacha kiwandani huko kaskazini, kama walivyofanya watu wengi wa kusini katika kizazi chake. Mimi nilisema "Tanzania", nikaandika hewani kwa chaki isiyokuwepo. Akaniita "maestra" tangu hapo, yaani mwalimu, jina lile lile ambalo mzee wangu alikuwa akiniita nyumbani.

Mchana tulifika Villa San Giovanni, mahali ambapo nchi kavu inakwisha. Treni ikasimama. Kichwa kikafunguliwa kikaenda zake, na mara taa zikazimika na kiyoyozi kikanyamaza, kwa sababu behewa lisilo na kichwa halina umeme. Joto likaanza kupanda. Abiria wenzangu hawakujali. Mmoja alikuwa akimenya chungwa. Yule mzee aliweka kiganja kimoja juu ya kingine, akakisogeza taratibu, akasema: "Nave." Meli.

Nilikuwa nimesoma kabla kwamba treni hii huvushwa kwenda Sisilia kwa feri, lakini kulisoma jambo ni tofauti na kulihisi chini ya nyayo. Tulianza kusukumwa kutoka nyuma, polepole kuliko mwendo wa mtu anayetembea. Tukasimama. Tukarudishwa. Tukasukumwa tena. Walikuwa wakiikata treni vipande na kuvipanga, na mimi, mke wa mtu wa bandari, nilijua wanachofanya hata kabla sijakiona: kipande hiki huku, kile kule, ili meli isilale. Kisha nje ya dirisha mwanga ukakatika kama pazia lililoshushwa, na ukuta wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, wenye madoa ya kutu, ukaanza kupita karibu na uso wangu. Nikasikia kishindo kwenye magurudumu ya mbele, kisha kingine chini yangu kabisa, na mwili wote wa behewa ukainuka kidogo na kutua. Nilishika ukingo wa kiti. Hicho ndicho kilikuwa kiungo. Miaka thelathini nilisikia habari zake mezani, na sasa nilikuwa nimepita juu yake.

Tuliposimama, vijana waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa walipita kando ya reli wakifunga mabehewa kwa minyororo. Nyuma yao alikuja mwenzao mtu mzima, mnene kidogo, asiyebeba kitu. Alitembea kando ya treni akiligusa kila behewa kwa kiganja, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Alipofika usawa wa dirisha langu aligonga bati mara moja, chini ya kiwiko changu, akaendelea.

Alikuwa akihesabu. Mzee wangu alihesabu hivyo hivyo. Alihesabu magunia hivyo, alihesabu kuku jioni hivyo, na watoto walipopanda gari kwenda kanisani aliwagusa vichwani mmoja mmoja midomo ikicheza, hata walipokuwa wakubwa na kulalamika. Mimi sikuwahi kujiuliza inakuwaje kwa kilicho ndani ya behewa linapoguswa. Siku ile nilijua: mgongo wa kiti hutetemeka kidogo, basi. Nililia, si kwa sauti. Yule mzee wa Catania aliona, akageuza macho kwenye ukuta wa chuma ambao haukuwa na cha kutazamwa, akaendelea kuutazama mpaka nilipomaliza. Sijasahau heshima ile.

Baadaye alinionyesha ngazi tukapanda sitahani. Mlango wa bahari kati ya Calabria na Sisilia, mahali pake pembamba, hauzidi sana kilometa 3, karibu sawa na urefu wa daraja letu, na feri inauvuka kwa kama nusu saa hivi. Kukatakata na kuunganisha treni ndiko kunakoifanya shughuli nzima ifikie saa mbili hivi. Alinunua madonge mawili ya wali yaliyokaangwa, yenye ncha juu, ndani yake nyama ya kusaga na njegere, akakataa pesa yangu. Mbele yetu mji wa Messina ulikuwa ukikua. Niliwahi kuwafundisha watoto wa kidato cha tatu kwamba alfajiri ya tarehe 28 Desemba 1908 tetemeko liliubomoa mji huo na kuua makumi ya maelfu ya watu, na kwamba bahari nayo ikawafuata waliokimbilia ufukweni. Niliwafundisha kama mstari mmoja wa jedwali. Kwenye mlango wa bandari imesimama sanamu ya Bikira Maria ya rangi ya dhahabu juu ya mnara, na chini yake maneno ya Kilatini yanayosema: Tunawabariki ninyi na mji wenu. Yule mzee akafanya ishara ya msalaba, nami nikafanya.

Tulipoteremka, niliona kwamba vipande vya treni vimesimama sambamba, na katika mwanga ule hafifu sikuweza kujua kipi ni chetu, kwa kuwa huko Messina kimoja hushika njia ya Palermo na kingine njia ya Siracusa. Begi langu na dawa zangu za presha vilikuwa ndani ya kimojawapo. Nafasi ya kupita ilikuwa nyembamba, na ngazi ya behewa ilikuwa juu kuliko goti langu la kulia linavyoruhusu. Mwenzangu alikuwa mbele, hakujua kwamba nimebaki. Aliyeniona ni yule mtu aliyehesabu. Sikuwa na maneno, nikasema tu "Siracusa". Alinitazama, akanishika kiwiko, akanipeleka mpaka kwenye mlango wetu, akanisukuma juu bila haya kama mtu anavyompandisha mama yake, kisha akaligonga behewa mara moja kwa kiganja.

Mengine ni ya kawaida. Kichwa kikaungwa, umeme ukarudi, bahari ikahamia upande wa kushoto, na tulipopita Taormina niliiona Etna ikitoa moshi mweupe kimya kimya. Jioni nilimpigia binti simu nikitaka kumweleza habari za kiganja, nikajikuta namwambia nimefika salama na nimekula wali.

Mjukuu wangu alisikiliza, kisha akasema lililo kweli: kwamba daraja ni bora, kwa sababu hausubiri. Ni kweli, na mimi ninajua kuliko yeye. Usiku tuliokuwa tukimleta babu yake hospitalini kutoka Sengerema, tulisubiri pantoni pale Busisi zaidi ya saa mbili, yeye akiwa amelala kiti cha nyuma, taa za Kigongo zikionekana ng'ambo na hakuna kilichokuwa kikija. Kila ninapovuka sasa namshukuru Mungu kwa ajili ya wagonjwa wote watakaopita hapo usiku. Wataliano nao wamebishana miongo mingi kuhusu daraja lao la Messina, na likijengwa, mgonjwa wa Sisilia naye atavuka bila kusubiri. Siwezi kutaka kinyume chake. Lakini zile saa mbili za Messina nazo zilikuwa za kusubiri, na nisingependa kuzirudisha, na bado sijui niziweke wapi karibu na zile za Busisi.

Mtoto alikuwa bado anafikiri. Akaniuliza ni nani anayehesabu magari darajani. Nikawa natafuta jibu, na kabla sijalipata tukawa tumeshafika Busisi.