Ukumbi wa samurai wa kubuni: anzia sakafuni

Ukitaka kuchora ukumbi wa mazoezi ya samurai kwa ajili ya mchezo au hadithi ya kubuni, weka kando kwanza taa za karatasi na majoka ya ukutani. Dojo ya upanga huanzia chini. Mazimwi na uchawi vitapata nafasi baadaye.

Kosa linalojirudia sana ni kutandika tatami. Mikeka hiyo inafaa judo, ambako watu huangushana. Mpiga upanga huenda pekupeku kwa kuburuta nyayo, na kwenye kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, hukanyaga kwa kishindo anapopiga. Anahitaji mbao tupu, za miti ya Kijapani kama sugi au hinoki, zilizolazwa juu ya maboriti zikiachiwa uwazi chini ili zinese kidogo. Mbao zikigandamizwa juu ya zege, visigino na magoti huumia. Vanishi nzito nayo haifai kabisa: unyayo wenye jasho hunata, ngozi ikabanduka.

Uwanja wa pambano la kendo leo una upande wa mita 9 hadi 11. Pande zote acha angalau mita 1.5 za kupumulia. Juu ndiko wengi husahau. Katana, upanga wa samurai, ikipita juu ya kichwa, ncha yake hufika karibu mita 3, na naginata ya mazoezi, silaha ya mpini mrefu wenye ubapa uliopinda nchani, peke yake inazidi mita 2, kwa hiyo dari liwe mita 4 au zaidi. Una majitu? Pima mkono ulioinuliwa, jumlisha silaha, kisha ongeza nusu mita.

Kamiza, upande wa heshima, iwe mbali na mlango.

Silaha nazo ziamue namna watu wanavyopigana. Bokken, upanga wa mti mgumu, huvunja mfupa, hivyo hutumika zaidi kwa kata, mapigo yaliyopangwa kati ya wawili. Shinai, upanga wa mazoezi wa vipande vinne vya mianzi, pamoja na kinga za uso, kifua na mikono, ilishika kasi karne ya 18, na hapo ndipo watu wakaweza kupigana kwa nguvu zote. Kama shule yako haina kinga, usiwaandikie wanafunzi mapigo kamili ya kichwa.

Shinai hufungwa kamba ya ngozi karibu na robo ya urefu kutoka nchani. Ikilegea, mianzi hufunguka, na kibanzi kinaweza kupenya kati ya vyuma vya kinga ya uso hadi jichoni. Ndiyo maana kila kipande hukaguliwa kabla ya mazoezi, na chenye ufa hubadilishwa papo hapo.